Udongo wa Kusafishia Dizeli

Tumemzika Fundi Ambokile huko Ilomba, Jumamosi, kwenye tope. Watu walikuwa wengi kuliko nilivyotegemea, maana mtu aliyetengeneza mashine za kusaga za nusu ya Mbeya hakosi wa kumzika. Msoma wasifu alisoma kuzaliwa, jeshi, ubatizo, ndoa, watoto na ugonjwa, akauruka mwaka mmoja ambao marehemu alifanya kazi Iringa kama mtu anavyoruka dimbwi. Mimi nilikuwa nimekaa nyuma ya nyumba na akina mama wa jikoni, kikombe cha chai mkononi, na wawili waliokuwa wanachambua mchele wakaujaza mwaka ule kwa niaba yake. "Si ndiye aliyemlisha mjamzito udongo wa dizeli kule Iringa?" "Ndiye. Mama na mtoto wote wakaenda." "Mh! Na alivyokuwa mpole." "Wapole ndio wenyewe, mwaya." Nilikunywa chai yangu mpaka majani. Udongo ule hakuutoa Fundi Ambokile. Niliutoa mimi, na aliyeula alikuwa rafiki yangu Monika. Nimekaa na neno hilo tangu Waingereza wangali wanatutawala. Nimeolewa nalo, nimezaa nalo, nimezeeka nalo, na hata siku ya kumzika mtu aliyelibeba badala yangu nilishindwa kulitema mbele ya wanawake wawili wanaochambua mchele. Ndiyo sababu naandika. Karatasi haigeuki kukutazama.

Ilikuwa katikati ya miaka ya hamsini, nami nilikuwa na miaka ishirini. Nilikuwa dobi wa hospitali moja ya misheni nje ya mji wa Iringa, mahali penye upepo ambao hata mwezi wa kumi ulikuwa unatafuta mifupa. Nilitoka Mbeya na Kiswahili changu cha Kinyakyusa, wakinicheka kila nilipofungua mdomo, na aliyeacha kucheka kwanza alikuwa Monika. Yeye alikuwa Mhehe wa Kalenga, mpishi wa wagonjwa, mkubwa kwangu kwa miaka mitatu hivi. Mume wake alikuwa amekwenda mkonge Tanga, na alikuwa ameacha mimba ya kwanza tumboni mwake na ahadi ya kurudi. Tulipewa chumba kimoja kwenye mabanda ya wafanyakazi. Kilikuwa na vitanda viwili vya kamba, sanduku lake, furushi langu, na dirisha la bati ambalo ukilifungua unapata baridi na ukilifunga unapata giza. Chakula tulikula pale pale, ugali na maharage, au ugali na majani ya maboga aliyoyaiba kistaarabu jikoni. "Siibi," alikuwa akisema. "Ninaonja kwa wingi." Nilikuwa nikila naye huku nikijisikia kwamba duniani nimepata mtu. Naliandika hili mapema ili lijulikane kwamba nilimpenda, maana huko mbele halitaonekana hivyo.

Hospitali ile ilikuwa na injini ya dizeli iliyovuta maji kutoka bondeni na kuwasha taa za chumba cha upasuaji. Walioijenga nyumba ya injini hawakuuliza upepo unatoka wapi, na ulikuwa unatoka kwa injini kwenda wodi ya kifua. Dizeli ilikuja kwa mapipa juu ya malori, na ile iliyoletwa kwetu ilikuwa na rangi ya chai ya jana na harufu ya kiberiti ambayo ilibaki kwenye nywele. Moshi wake ulikuwa mweusi. Mashuka niliyoyafua asubuhi yalikuwa na madoa saa sita, nami nilikuwa nikilia kwa hasira pale kwenye kamba. Lakini mashuka si kitu. Nilikuwa ninaingia wodi ile kukusanya nguo, na nimewaona watu wazima, wanaume waliowahi kulima milima, wamejifunika blanketi kichwani ili wasivute moshi, wakikohoa humo ndani ya blanketi mpaka damu. Mzee mmoja wa Kibena aliniambia, "Binti, mwambie huyo wa injini, ugonjwa wangu unanitosha. Asiniongezee na wake." Nilikwenda nikamwambia.

Fundi Ambokile alikuwa ndiye wa injini. Wakati huo alikuwa na umri wa miaka thelathini na kitu, mwembamba, mtu wa kwetu, na alifurahi kusalimiwa "ugonile" na mtu ambaye hakuwa anataka kutengenezewa baiskeli. Nilipompa maneno ya mzee yule alifuta mikono yake kwa kitambaa kichafu kuliko mikono. "Kosa si la injini, dada," alisema. "Chakula chake ndicho kichafu." Vita ilimkuta kijana, ikampeleka jangwani kaskazini, kwenye ghala la mafuta, na huko mhandisi mmoja Mzungu aliyependa kuongea, na asiyekuwa na wa kuongea naye, alimweleza jinsi viwanda vya kwao vinavyopitisha mafuta kwenye udongo. Udongo mweupe, uliopikwa kwa tindikali, ukaoshwa, ukachomwa moto. Mafuta yakipita humo, alisema, yanabadilika, uchafu unashikwa, na udongo unabaki udongo. Nilimwambia hilo haliwezekani. "Mshenga je?" akaniuliza. "Anawaunganisha watu wawili, kisha anarudi kwake mpweke kama alivyokuja. Lakini bila yeye ndoa hakuna." Mjukuu wangu anayesoma kemia ananiambia kwamba viwanda vya leo huiondoa salfa, ndicho kile kiberiti, kwenye dizeli kwa njia iliyo jamaa ya hiyo, wakitumia madini badala ya udongo, na kitu kama hicho kinaitwa kichocheo. Anasema Fundi hakuwa mbali sana. Sikumwambia mjukuu wangu mengine.

Kilichobaki kilikuwa udongo, na hapo ndipo Monika alipoingia. Fundi alikuwa amehangaika wiki mbili akichimba huku na huku, na kila alicholeta kilikuwa chekundu au kina mchanga. Jioni moja aliketi mlangoni kwetu akilalamika, Monika akamcheka. "Nyie wanaume mnatafuta udongo kama mnatafuta dhahabu. Si mtuulize sisi tunaoula?" Kwao, chini ya Kalenga karibu na mto, kulikuwa na shimo ambalo wanawake wajawazito wamechimba tangu bibi zao. Udongo wake ulikuwa mweupe, laini, usio na hata chembe ya mchanga, maana mchanga huvunja meno na wanawake walikwisha kuchagua mahali pazuri zamani. Jumapili tulikwenda watatu. Mama yake Monika alitupikia ugali na kuku, akatuuliza kama hospitali nzima ina mimba kiasi cha kuhitaji magunia manne. Tulicheka sana. Mdogo wake Monika, Agnesi, msichana wa miaka kama kumi, alitusindikiza hadi barabarani akiwa na donge mdomoni.

Tindikali Fundi aliipata kwenye gereji za mjini, maji ya betri zilizokufa za malori, ambayo wenyewe waliyamwaga mtaroni. Alinikabidhi mimi kazi ya kuosha, kwa kuwa dobi anajua kuosha. Udongo ulilala kwenye maji ya betri ndani ya mitungi kwa siku nzima, kisha nikaumwagia maji safi, nikakoroga, nikaacha utuame, nikamwaga, nikarudia. Mara saba. Kipimo kilikuwa ulimi wangu: nachukua kidogo kwa ncha ya kidole, naonja, natema. Ukiuma, bado. Ukiwa mchachu, bado. Ukiwa hauna ladha, tayari. Baada ya hapo tuliuanika juu ya mabati, Fundi akauchoma, akaujaza kwenye pipa alilolizungushia bomba la moshi wa injini ili lipate joto, kwa sababu alisema udongo wa baridi ni mvivu. Dizeli iliingia juu ikiwa rangi ya chai na ikatoka chini ikidondoka taratibu, ya manjano hafifu. Siku ya kwanza alipoiwasha injini kwa dizeli ile tulisimama nje, mimi na Fundi na Sista mkuu na yeyote aliyeweza kutembea, tukitazama bomba. Moshi ulitoka wa kijivu, mwembamba, na harufu ya kiberiti ilikuwa imepungua mpaka ukalazimika kuitafuta. Yule mzee wa Kibena alifunua blanketi usoni, akakaa kitandani akitazama nje. Sista alinishika mabega. Daktari alimpa Fundi mkono mbele ya watu, jambo ambalo Wazungu hawakulifanya hovyo miaka ile. Mashuka yangu yalikauka meupe, nami nilitembea kifua mbele kama niliyeumba upepo.

Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mimi nilipunguza maji. Monika alikuwa ameingia mwezi wa tano wa mimba na hamu yake ya udongo ilikuwa kali; shimo la kwao lilikuwa mbali, na pale mlangoni kwetu, juu ya mabati, udongo ule ule ulikuwa umeanikwa kwa magunia. Aliumega siku moja akaonja. "Huu hauna kitu," akasema. "Mmeutoa roho." Nilimwambia ninavyojua mimi, kwamba mara ya nne au ya tano ya kuosha unakuwa na uchachu kama wa ndimu. Macho yake yalicheka. "Basi niwekee wa mara ya nne, Atu. Na wewe si unaonja kila siku, umekufa?" Sikuwa nimekufa. Niliona sababu hiyo inatosha. Basi kila nilipoosha nilitoa kipande cha mara ya nne, nikakikausha pembeni juu ya jani, nikampelekea jikoni nimekifunga kwenye upindo wa kanga. Alikuwa akifumba macho anapokula. Fundi hakujua. Alikuwa amenikataza kumwachia mtu yeyote udongo ule, nikadhani anauonea uchoyo kwa sababu ya injini yake. Miezi miwili na nusu nilimlisha hivyo rafiki yangu, kwa upendo, nikichagua vipande vilivyo laini.

Alianza kwa kulalamika tumbo linamkata. Akina mama wa jikoni walisema ni mtoto anageuka. Kisha akakosa choo siku nne, siku tano, uso wake ukapauka rangi ya majivu, na chakula chote kikamchukiza isipokuwa udongo, ambao ndio pekee tumbo lake liliukubali, nikazidisha. Siku moja alidondosha sufuria ya uji jikoni. Siku iliyofuata alidondosha kikombe. Alikuja chumbani akaketi kitandani, akanyoosha mikono mbele akaitazama, na viganja vikaning'inia chini kama havina mwenyewe. "Atu, mikono yangu imechoka," akasema. "Imechoka bila mimi." Nilicheka ili asiogope. Asubuhi moja alianguka akatupa miguu, povu mdomoni, tukambeba mimi na wapishi wawili mpaka wodini, kichwa chake kikigonga kifua changu njia nzima. Wapishi walinong'ona kwamba ni kifafa cha mimba. Daktari naye alidhani hivyo kwanza. Halafu akamfunua mdomo kutazama ulimi, akaita taa, akainama karibu sana. Kwenye fizi za Monika, pale zinapokutana na meno, ulikuwepo mstari mwembamba wa bluu, kama mtu aliyepita na kalamu.

Daktari alijinyoosha. Kwao, alisema, ameuona mstari huo kwa watu wa viwandani wanaoshika risasi. Si risasi ya bunduki tu. Madini yenyewe, ambayo yamo hata kwenye betri za magari. "Huyu amekula risasi, kidogo kidogo, siku nyingi," alisema kwa Kiswahili chake cha kuhesabu maneno. "Imetoka wapi?" Tulikuwa watu watano mle ndani: daktari, Sista, mpishi mmoja, mimi, na Fundi aliyekuwa ameitwa kuleta taa. Mimi nilielewa kabla ya swali kuisha. Maji yalikuwa yanaondoa uchachu tu. Risasi ya betri ilikaa ndani ya udongo, haina ladha, na ulimi wangu, kipimo cha hospitali nzima, haukuwa unapima kitu. Nilifungua mdomo. Naapa niliufungua. Fundi alinitazama, nadhani aliona kila kitu usoni kwangu mara moja, akageuka kwa daktari. "Ni udongo wangu wa dizeli," akasema. "Wajawazito wanakula udongo. Ameula ule." "Nani alimpa?" "Mimi." Daktari, mtu mpole, alimpiga kofi. Sauti ya kofi lile naisikia. Nami nilifunga mdomo wangu.

Monika alizaa siku ya tatu, mtoto wa kiume, aliyekufa tumboni. Siku ya nne asubuhi alifumbua macho akaniona, akauliza kama maharage ya wagonjwa yameinjikwa. Nikamwambia yameinjikwa. Alikufa kabla hayajaiva. Tulimzika Kalenga na mtoto wake mikononi, na mume wake hakuwahi. Barua ya kumwita ilikuwa bado iko njiani kwenda Tanga.

Fundi aliambiwa aondoke kabla ya wiki kwisha. Alilazimishwa kwanza kulifukia pipa na udongo wote kwenye shimo refu, na nilimkuta pale akisawazisha kwa koleo. Nilikuwa nimejiandaa kusema mengi. Nilisema, "Fundi, nitakwenda kwa daktari." Hakuacha kusawazisha. "Ukaseme nini? Maji ya betri niliyaleta mimi. Mimi ndiye niliyekuambia uonje. Nenda kafue, dada Atu." "Lakini mimi ndiye..." "Nimesema nenda kafue. Wote wawili tukifukuzwa, nani atapona?" Nilikwenda kufua. Lililo baya kuliko yote, ambalo sijawahi kulikiri hata kwa mchungaji, ni kwamba nilipogeuka nilijisikia mwepesi. Rafiki yangu alikuwa na siku nne kaburini nami nilifurahi kwamba nimepona. Fundi alipanda lori la kwenda Mbeya na sanduku moja. Injini ikarudi kula dizeli ya rangi ya chai. Moshi ukarudi mweusi, mashuka yakarudi na madoa, na yule mzee wa Kibena akarudi chini ya blanketi lake, ambako alifia kabla ya mwaka kwisha. Nimewahi kujiuliza ni wangapi walikufa kwa udongo na ni wangapi kwa kukosa udongo. Ni swali la kipumbavu, nalo haliniachi.

Mimi nilibaki hadi mvua za mwaka uliofuata. Mama yake Monika alinitumia ujumbe kwamba nisikae peke yangu, niende Kalenga kila Jumapili kula. Nilikwenda. Alinipikia kuku mara nyingine, mtu ambaye kuku wake walihesabika, akanikalisha karibu yake, akaniuliza habari za kazi, kisha akanitazama kwa muda mrefu, nami nikiendelea kumega ugali. "Hakuna neno jingine, mwanangu?" alikuwa akiuliza ninapoaga. Nilikuwa nikijibu hakuna, mama. Mwishowe nilishindwa kumeza chakula chake nikaomba ruhusa, nikarudi Mbeya, nikaolewa. Mimba zangu mbili za kwanza zilitoka. Sikumwuliza daktari yeyote kwa nini.

Wiki hii, baada ya maziko ya Ilomba, nilipanda basi mpaka Iringa na kuteremkia Kalenga. Mama alikwisha kufa zamani. Nilimkuta Agnesi, yule msichana wa donge mdomoni, sasa bibi mwenye mvi kama mimi, anapukuchua mahindi uani. "Kamwene," nikasema, naye akaniitikia akanipa kigoda, akanitambua kwa sauti kabla ya sura. Sikusubiri chai. Nilimwambia Fundi Ambokile amekufa, na kwamba hakuwa yeye, nilikuwa mimi, nikamweleza mara ya nne ya kuosha, na jani, na kanga. Nilisema yote bila kuvuta pumzi. Agnesi alimaliza hindi lililokuwa mkononi mwake.

"Tulijua," akasema.

Nilimwuliza walijuaje.

"Dada mwenyewe alituambia. Alikuja hapa na kipande, akasema Atu ananichagulia kilicho kikali. Hata huyo Fundi alipopita kuaga, mama alimwambia, baba, si wewe. Akakataa. Akasema maji yalikuwa yake."

"Na mama alinipikia kuku?"

"Alitukataza kukuambia. Alisema huyu mtoto ataleta neno mwenyewe, tusimnyang'anye. Kila Jumapili alikuwa anasubiri useme. Ulipoacha kuja, akasema labda mwaka ujao." Alipuliza makapi kwenye ungo. "Hata alipokuwa haoni tena, akisikia mtu uani siku ya Jumapili alikuwa anauliza, ni Atu?"

Agnesi alichukua hindi jingine, akaniuliza kama nitalala au ninawahi basi.